Spika Mbili Kutoka Tabora

Jumatatu, 6 Julai 1998

Mzee Mikidadi alikuja ofisini leo mchana. Nilidhani amefuata mambo ya leseni ya duka lake. Hapana — alinifuata mimi. Bendi yake inataka spika mpya na mimi ndiye nitakayezichagua, kwa kuwa nasoma Kiingereza na wiki ijayo ofisi inanituma Tabora. Nilimwambia sijui chochote kuhusu spika. Akasema hata yeye hajui, ndiyo sababu anamtuma mtu aliyesoma.

Sikuweza kukataa. Anakunywa chai na bosi wangu, na mimi bado niko kwenye kipindi cha majaribio.

Kazi yangu kwenye bendi ni kuandika tu. Mtu akija kututunza pesa harusini naandika jina lake, mwimbaji analitaja. Kazi nzuri, haina lawama. Sasa spika!

Jumatano, 8 Julai

Mazoezi, uani kwa Mikidadi. Spika za sasa ni zile honi za bati, kama za mikutano ya hadhara, zinaendeshwa kwa betri ya gari. Sauti yake inafika mbali sana. Lakini gitaa linatoka kama debe linaloburutwa. Leonidas, mpiga gitaa, anasema apige vizuri apige vibaya ni yaleyale, hivyo siku hizi anapumzika huku akipiga.

Mwimbaji ni Nyanda. Akiimba kwenye honi hajisikii, basi anapiga kelele. Wimbo wa tatu sauti ikakatika katikati ya neno. Mikidadi akauliza ana nini. Vumbi, akasema.

Jioni Nyanda alinisindikiza hadi karibu na kwa shangazi. Njiani akaniambia. Daktari amemchungulia kooni, ana kinundu kwenye nyuzi za sauti. Aimbe taratibu au anyamaze kabisa. Akiendelea kupiga kelele sauti itakwenda na haitarudi. Mikidadi asijue — kuna mwimbaji wa Urambo anaivizia nafasi yake.

"Niletee kitu ambacho nitaimba kama ninavyoongea na wewe sasa hivi," alisema.

Alikuwa ananong'ona. Nikaitikia. Sijui kwa nini naitikia kila kitu.

Alhamisi, 16 Julai. Tabora

Treni kutoka Mpanda ilichelewa Kaliua, kama kawaida yake. Ripoti za ofisi nimekabidhi. Mchana wote nimeshinda dukani, karibu na soko.

Muuzaji alinionyesha aina mbili. Ya kwanza, spika kubwa kama makabati, na amplifaya yake pembeni, nzito, na waya tele. Ya pili ni ndogo kidogo na amplifaya imo ndani ya boksi lenyewe. Unachomeka umeme, unachomeka mikrofoni, basi. Bei ya hizi mbili ni chini ya ile seti kubwa na zinaingia kwenye pikapu ya Mikidadi pamoja na watu. Jenereta yake ndogo itaziweza, niliuliza hilo mara nyingi mpaka muuzaji akaanza kunijibu kabla sijamaliza.

Kwenye boksi wameandika wati nyingi za kutisha. Nikasoma kijitabu: hizo ni za kishindo cha mara moja, za kweli ni kama nusu. Muuzaji akacheka, akasema wateja wengine hawafiki ukurasa huo.

Kisha nikaomba kujaribu. Nilishika mikrofoni, mlango umefungwa kwa sababu ya kelele za barabarani. Nikasema jina langu. Polepole kabisa. Sauti ikajaa chumba, nene, karibu, kama mtu ameketi begani. Nilisikia hata pumzi yangu.

Nimechukua hizo.

Jumapili, 19 Julai

Zimefika salama. Tumezijaribu uani. Leonidas alipiga kamba moja, akasimama, akapiga tena. Akasema kumbe miaka yote hii gitaa lake halikuwa na kosa — kosa ni lake mwenyewe. Watu wakacheka.

Nyanda aliimba nyimbo sita bila kukaza shingo. Wapita njia walisimama kwenye ua. Mikidadi alinipa soda na kuniita binti yangu. Atamwambia bosi kwamba mimi ni mtu makini.

Jumanne, 21 Julai

Silali vizuri. Hakuna sababu. Labda ni ile soda, na kule kuitwa binti yangu.

Jumamosi, 1 Agosti. Kwa Mwandu, njia ya Inyonga

Naandika hapahapa harusini, kwenye kimeza changu nyuma ya bendi. Watu wanakula.

Anayeoza mtoto wa kiume ni Mwandu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alihamia huku na wenzake zamani kidogo. Tumefika asubuhi, tukaweka spika mbele ya banda la wenyeji. Nikaona banda jingine, mbali, ng'ambo ya uwanja na zizi. Nikauliza ni la nini. La wakwe, nikaambiwa. Baba na mama wa bibi harusi hawawezi kuchanganyika na upande wa bwana harusi, ni heshima. Banda lao likae mbali, na hili letu liwe mbali nao.

Nikageuka kuzitazama spika zangu. Tabora nilipima chumbani. Mlango umefungwa.

Tulianza. Upande huu kila kitu ni kizuri mno. Nyanda anaimba kama anazungumza, wamama wamefumba macho. Watu wakaanza kutunza, nikaandika, akataja. Kisha wajomba wa bibi harusi walivuka uwanja mmojammoja, wakatunza, wakarudi kwao. Nyanda aliwataja wote kwa mpangilio.

Hawakusikia. Ng'ambo ile haifiki ila ngoma kidogo, na upepo. Mjomba mkubwa akatuma mtu kuuliza kwa nini majina ya upande wao hayatajwi. Wametoa mbele za watu na wamenyamaziwa. Ujumbe huo Mwandu aliupokea amesimama.

Alikuja kwetu. Hakupandisha sauti.

"Zile za bati," alimwambia Mikidadi, "nilikuwa nazisikia kwangu mkiwa kwa jirani yangu wa pili. Ndizo nilizokodi. Hizi ni za kusikilizia chumbani."

Mikidadi alisema tutasogeza spika. Nilikwishafikiria hilo. Waya wa jenereta unaishia hapa kwenye mikeka, na tukihama na jenereta wenyeji ndio hawatasikia. Leonidas akasema basi wasogezwe wakwe. Mwandu akamtazama mpaka akaanza kufungua kamba za gitaa ambazo hazikuwa na shida.

Basi honi. Kumbe Mikidadi alizibeba, chini ya turubai, na betri. Mzoefu. Majina ya wajomba yakirudiwa kwa honi, kila mmoja na sifa zake na za ng'ombe wake, mpaka jua lizame, wakwe watatulia. Nyanda atayarudia. Kwa sauti ile ya zamani.

Nimemfuata Nyanda kwenye mtungi wa maji. Nikamwambia nitamweleza Mzee. Akasema nisithubutu. Siku moja tu, alisema, leo tu. Sauti yake ilikuwa nzuri bado. Nikamkumbusha daktari. Akasema daktari hafahamiani na yule wa Urambo.

Nimerudi mezani. Ningeuliza watu wanakaaje harusini, tusingefika hapa. Najua hilo, na bado ninachoogopa zaidi ni Mikidadi kwenda kunywa chai na bosi. Aibu, lakini ndivyo.

Mikidadi amekuja. Alisimama juu yangu.

"Karani, wewe ndiye uliyechagua spika. Nikiwasha honi nitakuwa nimekudharau mbele ya watu. Una la kusema kabla hatujaanza?"

Nimesema ninalo.

Limetoka lenyewe. Amenitazama, kisha ameitazama kalamu. Anadhani naandika waliotunza.

"Haya, maliza majina, halafu useme."

Amevuta kiti, ameketi mbele yangu. Honi zimekwisha kufungwa juu ya nguzo, zimeelekezwa ng'ambo. Nyanda yuko nyuma ya Mzee na kikombe mkononi, ananitikisia kichwa: usiseme. Mzee anangoja. Mimi naendelea kuandika, na majina yalikwisha zamani.