Kijiko na Glasi ya Profesa Bogumił

Mwaka umepita sasa, Bogumił, tangu ututoke hapa nyumbani Lublin, na kiti chako cha jikoni bado hakijakaliwa na mtu.

Wazazi wako, wakulima wa kabichi, walitaka uwe daktari wa mifugo. Ukawa mwalimu wa Kigiriki cha kale, na mama yako akalia kama aliyefiwa. Ulifundisha chuo kikuu mpaka ukastaafu. Ulitafsiri mashairi ambayo watu wachache sana waliyanunua, na hilo hukulilalamikia. Malalamiko yako yote yaliishia kwa konokono wa bustanini.

Koti lako la baridi ulimpa mwanafunzi, ukarudi kwenye theluji na sweta, ukidai huhisi baridi. Ulikohoa mpaka Pasaka.

Kila Alhamisi wanafunzi walijazana jikoni kwetu kusoma Kigiriki kwa sauti, kwa zamu. Ukigonga glasi ya chai kwa kijiko, msomaji anaanza. Binti yako Jagna alikulia chini ya meza ya jikoni. Sisi wengine tulikuwa tunakata keki tu. Hatukujifunza hata mstari mmoja wa kukusomea.

Alhamisi yako ya mwisho mkeo alikuwa ametoka kufuata dawa. Wanafunzi wakaja. Jagna, aliyechoka kwa kukuuguza, akafungua mlango nusu.

"Baba amelala."

"Dada Jagna, ukurasa mmoja tu," akaomba Dobrochna, mwanafunzi wako wa mwisho.

"Hao Wagiriki wenu walishakufa. Wakingoja wiki moja zaidi hawatakufa tena."

Kule chumbani kijiko kikagonga glasi. Wote walisikia. Jagna akafunga mlango, akakuletea chai. Alijua fika kwamba si chai uliyotaka. Ukasema, "Asante, binti yangu," ukainywa yote. Jumatatu ukafariki.

"Aliinywa ili nisione haya," Jagna husema mpaka leo. Glasi ile hakuigusa tena. Akiwaona wanafunzi wako makaburini, alikuwa anageuza njia. Mkeo hakumbembeleza. "Umekosa, ndiyo. Lakini machozi yako hayamsomei baba yako kitu."

Juzi Jagna alimpigia simu Dobrochna.

"Alhamisi mje. Wote."

"Una hakika, Dada? Tulidhani hutaki kutuona."

"Niliona aibu. Nimeoka keki ya mbegu za mpopi. Mama anasema ni ngumu kama tofali."

Ni ngumu kweli. Wataila hivyo hivyo.

Basi Alhamisi hii, baada ya Misa ya asubuhi, watasoma ule ukurasa waliokuja nao siku ile. Jagna atakaa kwenye kiti chako. Glasi ameshaiosha, na kijiko atakigonga yeye. Utusamehe kwa kuchelewa.

Unakumbukwa na mkeo Leokadia, binti yako Jagna, dada yako Pelagia, na wanafunzi wako wote wa jikoni.

Hatutakusahau maisha yetu yote, na mlango tutauacha wazi.