Suruali Pana ya Baba Watoto

Baba watoto wangu,

Huku hatujambo. Cherehani imepona, haikati uzi tena, na kitindamimba wako ameota meno mawili. Ananing'ata huku akicheka.

Suruali uliyoagiza hii hapa. Ulitaka niibane kama za vijana wa mjini, lakini nimeikata pana vilevile, usininunie. Marehemu baba, aliyewashonea mabaharia maisha yake yote, alinieleza kwamba tangu zamani walivaa suruali pana wapate kuzikunja juu ya magoti wakiosha sitaha, na mtu akitumbukia majini aivue upesi kabla haijamvuta chini.

Uliandika kwamba ile ya kwanza ilipeperushwa na upepo kambani. Haya. Ila mke wa mpishi wenu alikuja kuchukua gauni lake, akanisimulia jinsi ulivyoopolewa baharini ukiwa na shati tu, meli nzima ikikucheka. Nami nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikashika mkasi.

Bahari ikiitaka na hii, iachie tu. Suruali nitashona nyingine.

Mimi fundi wako,
Mama watoto