Boga la Kijani la Mama Mkwe

Shoga, acha unachofanya unisome.

Mama mkwe leo kapika maboga aina tatu. La chungwa supu, chumvi kaniachia nitie mimi, la njano kaoka, la kijani kachemsha. La kijani akanipakulia mimi tu. Mimi tu, unanielewa?

Nikaonja. Chungu kama shubiri. Nikajisemea, leo kaamua kunimaliza.

"Mama, hili boga chungu."

Akanitazama kwa jicho lile unalolijua. "Ulimi wako ndio mchungu. Nimekuwekea zuri kuliko yote."

Akavuta bakuli langu akaanza kula, bila kukunja uso. Bila kukunja uso, shoga.

Nikaingiwa na shaka nyingine. Nikampa supu, nikamuuliza kama chumvi imekolea. Akasema imekolea vizuri. Na chumvi nilikuwa bado sijatia hata chembe.

Nikamnyang'anya bakuli, maana boga chungu vile linadhuru. Akanishika mkono. "Tangu yale mafua sisikii ladha. Usimwambie mwanangu, atanitoa jikoni."

Kumbe ile michuzi ya chumvi kali niliyokulalamikia, nikisema ananikomoa, alikuwa anakisia tu.