Selestini wa Zimamoto, na Mnyororo Uliobaki Ukutani

Mwaka umetimia, Selestini mwana wetu, tangu Jumamosi ile ya tarehe 13 Julai 2024 ulipopita jikoni ukasema unakwenda uani mara moja. Kutoka jikoni hadi uani ni hatua kumi na mbili. Mama yako amezihesabu mara nyingi. Mpaka leo hujarudi.

Walio jirani na sisi hapa Kasingirima hawahitaji kuambiwa ulikuwa nani. Lakini karatasi hii inagawiwa kanisani baada ya misa, itafika na kwa wasiokujua, na mama yako ana neno anataka lisomwe na kila mzazi ambaye mwanawe anashika spana. Utusamehe basi tukianzia mbali.

Baba yako, marehemu Bonifasi, alikuwa dereva wa malori ya chumvi kutoka Uvinza, yale ya zamani yenye pua ndefu. Wewe hata shule hujaanza ulikuwa unakaa barazani, lori likisikika linapanda kilima unalitaja kabla halijatokea. "Hilo Bedifodi. Hilo Leilandi, halafu linakohoa, dereva hajui." Wageni walidhani unabahatisha. Baba yako alikuwa anacheka mpaka anajishika kiuno, anasema huyu kazaliwa na masikio ya fundi.

Na kweli ukawa fundi. Gereji yako pale Mwanga ilijulikana kwa malori ambayo mafundi wengine waliyakataa. Mzee akija na lori lililolala miaka kumi, wewe unalizunguka kwanza kimya, unaligusa boneti kama mtu anayepima homa ya mtoto, ndipo unamgeukia mwenyewe: "Shikamoo mzee. Hili halijafa. Limenyamaza tu." Wasio na kitu uliwatengenezea, ukawaambia waje kulipa wakivuna. Wengine walikuja, wengine hawakuja, na wewe hukuwahi kumtaja mtu.

Mwaka 2019 ukalikuta gari la zimamoto kwenye vyuma chakavu, linasubiri kukatwa. Lilikuwa Bedifodi lenye umri unaomzidi mama yako. Mti ulikuwa umeota ndani, umetokea dirishani. Kengele yake ya shaba ilikuwa bado ipo, imegeuka kijani. Ulibadilishana na pikipiki yako, ukalivuta mpaka nyumbani kwa trekta, watoto wa mtaa mzima wakiwa nyuma.

Mama yako siku ile alishangilia. Hakushangilia gari, alishangilia pikipiki kuondoka. Kwa sababu mama yako, tuseme ukweli, aliogopa kila kitu. Aliogopa pikipiki, aliogopa ziwa, aliogopa nyoka wa kwenye kuni na waya za umeme wakati wa mvua. Alikupigia simu asubuhi, mchana na jioni kuuliza kama umefika, na ukiwa umeshafika anauliza kama utarudi mapema. Alipoliona lile gari bovu, lisilokwenda popote, moyo wake ulitulia. Alisema hili sasa litamweka mwanangu nyumbani.

Miaka mitano ya Jumapili ulikaa chini ya gari lile. Ukitoka misa unavua shati jeupe, unaingia. Rafiki yako Asumani wa Ujiji, fundi wa kuchomelea, alikuwa anafika akishaswali adhuhuri, na kelele zenu ndizo zilikuwa kelele za nyumba hii.

"Selestini, oa bwana," Asumani anasema. "Miaka thelathini na moja!"

"Gari likitoka naoa."

"Na mke gani atakubali kuwa mke mwenza wa lori?"

Jirani yetu Mama Bibiana naye alikuwa haachi kuchungulia ukutani. "Veneranda," anamwambia mama yako kwa sauti, ili usikie wewe, "nyumba yangu ikishika moto nisubiri mwaka gani?"

Na wewe, kutoka chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, unamsalimia kwa Kiha: "Mwakeye, Mama Bibiana! Siku hiyo nitakuja kukuzima wewe kwanza!"

Watu walidhani ni mchezo wa mtu mzima. Sisi tunajua haukuwa mchezo. Uliona kwa macho yako mabanda ya wauza dagaa yakiungua Kibirizi, uliporudi ulikaa kitandani na viatu. Ulisema, "Mama, ziwa lote lile, na watu wanakimbia na ndoo." Gari lile lilikuwa na pampu yake. Ulitaka siku moja lisimame pale ufukweni, mpira mmoja uingie ziwani na mwingine utoe maji, na akina mama wa dagaa wasilie tena. Hicho ndicho ulichokitaka, na hukukificha.

Sasa tufike kwenye lile tunalotaka lisomwe.

Magurudumu ya magari yale ya zamani si kama ya sasa. Rimu zake si za kipande kimoja. Kuna ringi, mduara wa chuma unaopigwa pembeni, ndio unaoshika tairi lisitoke. Ringi ikikaa sawa, gari linatembea miaka arobaini. Isipokaa sawa, na ndani kuna upepo, inaruka, na hakuna binadamu wa kukwepa. Ulijua hayo kuliko mtu yeyote Kigoma. Uliwafundisha wengine. Katika ua huu ilikuwa sheria: gurudumu linalazwa uso chini, mnyororo unapitishwa kwenye matundu ya rimu unazungushwa mara tatu, watu wote wanakwenda nyuma ya ukuta, ndipo upepo unaingia. Mnyororo wenyewe ulikuwa unakaa kwenye msumari karibu na mlango wa jiko.

Wiki ile gari lilikuwa limekamilika. Injini inanguruma, kengele umeisugua kwa majivu na ndimu mpaka inang'aa. Umepaka rangi mwili wote, na Ijumaa ukapaka rimu, nyekundu kama pilipili iliyoiva. Ringi moja ya asili ilikuwa imeliwa na kutu. Asumani alikuletea wazo la kufunga rimu za kisasa, za kipande kimoja. Ulikasirika kabisa. "Nimfunge bibi harusi viatu vya mpira? Litapoteza sura!" Ukatafuta ringi nyingine kwenye lori jingine la zamani, ikalingana kwa macho.

Jumapili yake ilikuwa liende Kibirizi. Watu walishaambiwa.

Asubuhi ya Jumamosi mama yako alitoka jikoni, akaona zile rimu nyekundu zinavyong'aa juani, akafurahi. Wewe ulikuwa umeshika ule mnyororo mkononi. Na yeye akasema, kwa mdomo wake mwenyewe: "Mwanangu, mbona utaichubua rangi yote? Na jana umeshinda umeinama."

Ukauangalia mnyororo. Ukaiangalia rangi. Ukacheka, ukasema, "Hata mimi naionea huruma." Ukaurudisha kwenye msumari.

Mama yako aliyeogopa pikipiki na ziwa na nyoka, hilo hakuliogopa. Hakulijua. Alirudi kuchochea moto.

Asumani anatuambia upepo uliingia nusu, ringi ikawa upande mmoja haijakaa. Alikwambia, "Toa upepo, tuanze upya." Ulisema itakaa tu, ukachukua nyundo, ukagonga mara mbili. Yeye alikuwa upande wa pili wa gari akifunga mpira wa kompresa, ndiyo maana yupo hai. Jikoni tulisikia kishindo, sufuria zikaanguka. Zaidi ya hapo hatuandiki.

Kwa hiyo ninyi vijana wa gereji, mnaopenda magari haya, na ni mazuri kweli, mtusikilize. Ringi ya lori moja si ringi ya lori jingine, hata macho yaseme zinafanana. Isipokaa sawa, toa upepo wote, fungua, anza upya. Usigonge kitu chenye upepo ndani. Funga mnyororo. Rangi ikichubuka hupakwa tena.

Na akina mama wenzetu nanyi mtusikilize. Mama yake Selestini alikataza kila kitu, kutwa nzima, mpaka mtoto akazoea kutosikia. Siku moja tu aliyosema kitu mtoto akamsikia, ni ile. Kama mwanao ana kazi ya hatari, usimpigie simu kumuuliza kama amekula. Nenda ukasimame pale, muulize hiki kinaua vipi, akueleze, ujue.

Mwaka huu ulikuwa mrefu, Selestini. Asumani aliacha kuja, alikuwa hawezi kumtazama mama yako. Gereji ilifungwa. Mama Bibiana hachungulii tena. Gari lilibaki uani limekaa juu ya magogo, limefunikwa turubai, na kuku wakawa wanalala chini yake. Malori bado yanapanda kilima. Mama yako anayasikia akiwa barazani, moja baada ya jingine, na hajui lipi ni lipi. Hakuna wa kumwambia. Wakati mwingine anauliza tu, "Hilo nalo?" Kisha linapita.

Mwezi wa Aprili mdogo wako Onesmo akavua lile turubai.

"Mama, nataka kulimalizia."

Mama yako aliingia chumbani kwako, akabeba sanduku la spana, akalifungia chumbani kwake, ufunguo akautia kifuani. Walikaa siku nne hawasemezani, watu wawili nyumba moja, wanapishana mlangoni kama wapangaji.

Siku ya tano Onesmo akasema, "Nitafunga mnyororo, mama. Nakuapia."

"Kaka yako alikuwa nao mkononi."

"Sasa unataka nifanye nini? Nikae hapa nikutazame unavyolitazama?"

Mama yako alilia. Nyumbani alikuwa na Onesmo peke yake sasa, na akamwona amesimama palepale uliposimama wewe, umri unamjia, mabega yaleyale. Alijua akikataza, kijana atafanya siku akienda sokoni. Asipokataza, atafanya mbele yake.

Asubuhi yake alipanda gari la Ujiji, akamkuta Asumani kibandani kwake. Hakumsalimia vizuri. Alimwambia aje na mtungi wake wa gesi akate rimu zote sita, na ringi zote, vipande vipande.

Asumani akashika kichwa. "Mama, hizi hazipatikani tena Kigoma nzima. Selestini alizitafuta miaka mitatu."

"Ndiyo maana nakwambia ukate. Zikiwepo, kuna siku mtu atazionea huruma."

Alikuja. Alizikata moja moja, machozi yanatiririka ndani ya miwani ya kuchomelea, na mama yako alikuwa amesimama kando, amejifunika kanga kichwani, mpaka ya mwisho. Ile ambayo rangi yake nyekundu haikuwa imechubuka popote ndiyo ilichelewa zaidi. Baada ya hapo mama yako alitoa ufunguo kifuani akampa Onesmo.

Walibadilisha ekseli zote, wakafunga za lori la kisasa, na rimu za kipande kimoja. Asumani alitengeneza kizimba cha nondo nene, kila tairi likajazwa upepo likiwa ndani yake, kwa mpira mrefu. Mama yako alisimama nao nyuma ya ukuta kila mara. Aliuliza kila kitu. Hiki kinaua vipi? Na hiki? Onesmo alichoka kujibu lakini alijibu.

Tukwambie ukweli, mwanetu, halikupendeza. Matairi yamejitokeza nje ya madigadi kama miguu ya chura. Rimu ni za kijivu. Mzee mmoja dereva wa zamani alipita akalitazama, akatikisa kichwa, akasema mmeliharibu. Tumeliharibu. Utusamehe.

Jumamosi iliyopita Onesmo na Asumani walilipeleka Kibirizi. Mama yako hakwenda. Alikaa nyumbani peke yake, ua mtupu mbele yake, doa la mafuta katikati, kuku wanazunguka hawajui pa kulala. Hakupiga simu. Mchana Mama Bibiana, aliyefuatana nao, ndiye aliyepiga kutoka kule, anapayuka: "Veneranda! Maji yamefika juu ya mabati! Wenye dagaa wanatutukana, tumewalowesha!" Halafu akasema, "Wamegonga ile kengele, dada. Mbona hukuja?"

Gari limebaki kule, chini ya ulinzi wa wavuvi na akina mama wa dagaa. Halitarudi uani.

Jioni giza halijaingia Onesmo akatokea njiani kwa miguu, amelowa, ananuka samaki. Mama yako alikuwa mlangoni tangu saa tisa.

"Mama, kuna nini cha kula?"

Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akavitazama vidole vyote kumi. Ndipo akaenda kuinjika ugali.

Unakumbukwa na mama yako Veneranda, mdogo wako Onesmo, dada yako Eufrasia aliyeko Kasulu pamoja na mumewe Thobias na watoto wao, rafiki yako Asumani na familia yake ya Ujiji, Mama Bibiana, na mafundi wote wa Mwanga uliowafundisha. Bwana akupe pumziko la milele.

Tutaendelea kukukumbuka, Selestini, kila siku tutakayoamka bila wewe.