Mbege ya Wakwe

Mbagala, Jumapili baada ya ibada, 1993

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mvua ilibomoa choo, tumeshakijenga.

Jana walikuja kumposa binti yangu Elinami. Walileta madumu ya mbege, mzee wao akanikabidhi kata. Mila yetu unaijua: baba asipoonja, amekataa posa. Nikamwambia, "Posa nimeikubali, mzee, ila mie nimeokoka, pombe siionji."

Wakatazamana, wakaanza kuokota kofia zao. Ndipo mke wangu akaipokea kata, akapiga goti, akanywa kwa niaba yangu. Mzee akacheka, yakaisha.

Kwangu hayajaisha, kaka. Dumu zima limebaki hapa sebuleni, na kumwaga mbege ya wakwe ni kuwatukana. Mke wangu na Elinami wako kwaya. Zamani kiu ikinijia nilikuwa peke yangu nayo. Siku hizi namwimbia Bwana hadi moyo unashiba, na leo pia umeshiba, lakini harufu haiondoki. Mchungaji kaahidi kupita. Nakuandikia ili mikono iwe na kazi.

Karatasi imeisha, na hodi bado sijaisikia. Naimba.

Mdogo wako,
Eliaichi