Mwaka Niliouomba kwa Baba

Jumapili, 14 Julai 2024

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Divisheni two! Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Baba aliingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Manundu yote, mtaa wetu hapa Korogwe, inajua sasa: Evodia, binti wa Valerian fundi baiskeli, amefaulu.

Kila anayekuja kupongeza ana swali moja. Unakwenda kusomea nini? Nacheka tu. Miaka kumi na tatu darasani na sijui!

Jumatano, 17 Julai

Baba keshaamua. Ualimu. Mwalimu hakosi heshima, anasema.

Nilimfuata jioni akiwa anafunga kibanda. Nikasema, baba, naomba mwaka mmoja kwanza kabla ya chuo. Nifanye kazi, nikae na watu wengine.

"Mwaka wa nini?"

"Wa kufikiri, baba."

"Mimi mwaka wangu wa kufikiri niliupata nilipomaliza la saba. Mpaka leo haujaisha."

Babu alikata mkonge mpaka vidole vikakakamaa. Baba anaziba pancha tangu ana miaka kumi na tano. Halafu mimi nataka kufikiri.

Ijumaa, 19 Julai

Siku mbili nyumba haina maongezi. Baba anaogopa watu watasema nina mimba, ndiyo maana siendi chuo. Leo mama kaongea, tena mezani. Mtoto hajakataa kusoma, alisema, ameomba muda. Kisha akamtaja Semboja. Walisoma naye shule ya msingi, sasa ni afisa mifugo huko Kwamsisi, Handeni. Kazini yuko peke yake, anatafuta mtu wa kumsaidia kuandika daftari la chanjo.

"Ng'ombe?" baba akauliza.

"Ng'ombe," mama akajibu, akaendelea kupakua mboga.

Baba akataka mpango kwenye karatasi. Nitafanya nini, nitakaa kwa nani, nitarudi lini. Nimejaza ukurasa mzima. Sharti lake: Julai mwakani najaza fomu ya chuo, hakuna hadithi. Nimeweka sahihi. Na yeye ameweka!

Mama yangu, Mungu akulipe.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimefika. Kwa mjomba Semboja pamejaa watoto, kwa hiyo nimepewa kitanda kwa Mama Nkoile, mjane wa Kimasai mwenye boma karibu na barabara. Alinisalimia, "Takwenya!" Nikadhani ananiamkia, nikajibu, "Marahaba." Mimi! Kwa mtu mzima! Boma zima lilicheka. Kumbe hujibiwa "Iko". Mzee mmoja, Loishiye, alisogea akasubiri. Nikaambiwa niinamishe kichwa, ndivyo kijana anavyosalimiwa na mzee. Akanigusa utosini kwa kiganja, taratibu sana. Sijui kwa nini nilitaka kulia.

Ng'ombe wana pembe ndefu kuliko nilivyofikiri.

Alhamisi, 12 Septemba

Uchovu wa kweli. Leo maboma matatu, ndama sitini na zaidi. Naandika namba ya hereni ya sikioni, rangi, jina la mwenye mali. Nimejifunza kumshika ndama asiniangushe, kupima joto, kumtambua mwenye homa kabla hajalala chini. Mjomba Semboja haongei sana. Akifurahi anasema "haya". Leo kasema "haya" mara mbili!

Usiku nakunywa maziwa ya Mama Nkoile, nasema ashe oleng, asante sana. Anasahihisha matamshi yangu kila siku, hachoki.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimefanya kosa. Naliandika kama lilivyo.

Kuna chanjo ya chambavu, ule ugonjwa unaoua ndama ghafla, paja limevimba. Dawa inatakiwa ikae kwenye baridi muda wote. Kazi ya kupanga barafu ni yangu. Jana asubuhi nilichelewa, nikafunga sanduku haraka, mfuniko haukukaa. Tulipofika kwa mzee Loishiye barafu yote ilikuwa maji, tena ya vuguvugu. Niliona. Mjomba alikuwa anaongea na wazee, akanyoosha mkono nimpe chupa — nikampa. Ndama arobaini na moja wamechomwa dawa iliyokufa.

Mzee Loishiye alinishika kichwa tulipoaga. Akasema sasa anaweza kutulia.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimesema. Nilimwambia mjomba asubuhi, kabla hajawasha pikipiki. Alichomoa ufunguo akautia mfukoni. Nikasema nitarudi Korogwe leo leo kama anataka.

"Ukienda Korogwe, ndama watachanjwa na nani?"

Akasema twende kwa mzee, lakini nitakayeongea ni mimi.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilipofika yote yakapotea. Nikasema tu: "Mzee, dawa ya juzi iliharibika mikononi mwangu. Niliona nikanyamaza. Ndama wako hawana kinga." Mama Nkoile alikuwepo, akatafsiri kwa Kimaa, lugha yao.

Vijana wake walifoka, na walikuwa na haki. Mzee aliwanyamazisha. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba ameshachanjiwa ng'ombe na watu wengi, na ng'ombe wengine walikufa baadaye, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kurudi kumwambia kwa nini. "Wewe umerudi. Lete dawa nzima."

Jumatatu, 28 Oktoba

Tumerudia wote arobaini na moja. Barafu nilipanga mwenyewe, nikakagua mara tatu njiani. Hakuna ndama aliyekufa. Asante Mungu. Asante mzee.

Mjomba Semboja: "Haya."

Jumapili, 22 Desemba

Korogwe, nyumbani kwa Krismasi. Pilau ya mama! Wenzangu niliomaliza nao wamerudi kutoka chuo, wanaongea habari za hosteli na wahadhiri. Niliona wivu kidogo, nisijidanganye. Mmoja kanitazama tumbo kabisa, hakuficha.

Baba hajaniuliza lolote kuhusu Kwamsisi. Lakini nilipoanza kumweleza mama habari ya chambavu na sanduku la barafu, alizima redio. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Na mzee akakusamehe?" Nikasema ndiyo. Akawasha redio.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Leo nimejua. Hakukuwa na tukio lolote kubwa. Nilikuwa napasua jipu kwenye shingo ya mbuzi, mjomba amesimama pembeni mikono mfukoni, na nikagundua kwamba kwa saa nzima sikuwa nimefikiria kitu kingine chochote. Nataka hii. Tiba ya mifugo. Nataka kujua kwa nini dawa ile ilikufa kwenye joto, siyo kujua tu kwamba ilikufa. Kemia na biolojia ninazo, alama zinatosha.

Nimempigia mama, amefurahi. Baba akachukua simu. Nikamwambia. Akajibu: "Tulikubaliana fomu." Nikasema fomu nitajaza, ila siyo ya ualimu. Akasema salio linaisha. Salio ni langu, mimi ndiye niliyepiga!

Ijumaa, 18 Julai

Udahili umefunguliwa na baba amekuja mwenyewe kunichukua. Hakunijulisha. Nimemkuta kwa Mama Nkoile amekaa kwenye kigoda na koti lake la safari, anakunywa maziwa. Karatasi yetu ya mwaka jana ameikunja mfukoni. Nimemwomba tuongee. Amesema tutaongea njiani kesho. Hakuonekana mkali. Alionekana mtu anayeogopa kitu, sijawahi kumwona hivyo.

Jumamosi, 19 Julai

Hatujaondoka.

Asubuhi tunaaga, Mama Nkoile akaitwa kwa mzee Loishiye. Mtamba wake, mimba ya kwanza, anasukuma tangu alfajiri na ndama hatoki. Nikakimbia. Baba akanifuata na begi langu mkononi, sijui kwa nini hakuliacha.

Mguu mmoja tu umetokeza. Nimempigia mjomba Semboja, yuko upande mwingine wa wilaya, masaa matatu mpaka afike. Nikamweleza ninachoona.

"Wa pili umekunjika ndani," akasema. "Kata kucha. Nawa mpaka begani. Umsukume ndama nyuma kwanza, usivute. Umeniona nikifanya mara nne."

"Mjomba, nikikosea?"

"Ukinisubiri mimi, watakufa wote wawili."

Simu ikakatika. Nimeshakata kucha. Mama Nkoile amekwenda kuleta maji ya moto na sabuni, nami naandika hapa nikimsubiri. Mzee Loishiye amemshika mtamba kichwa, anamwimbia chinichini kwa Kimaa. Hajaniuliza umri wala cheti.

Baba amesimama juu yangu. "Unaweza?"

"Sijui, baba."

Nilidhani atasema twende. Ameweka begi chini. Amevua koti, anakunja mikono ya shati lake la kanisani.

"Haya, nionyeshe mahali pa kushika."

Mungu wangu, asante kwa mwaka huu, vyovyote itakavyokuwa. Maji yamekuja. Baba keshapiga magoti, ananisubiri. Nafunga daftari.