Kidude Kwenye Pindo la Buibui

Bassam mwanangu,

Wali umo sufuriani. Mchuzi wa papa upashe moto, na gesi uifunge.

Asubuhi Bi Raghad amekuja kunirudishia buibui langu. Tulibadilishana bila kujua kule harusini Ijumaa, maana yote yalirundikwa kitandani na yote ni meusi. Amesema pindo lilikuwa likimgonga mguu, akalifumua, akakuta kidude kile mnachofungia malori huko kazini kwenu Kipevu kujua yaliko.

Kumbe ndiyo maana jana ulivamia chumbani kwake Kisauni, wanawake wakiwa vichwa wazi wakipakana hina, ukaita “Mama, Mama” mpaka ukatolewa kwa mwiko. Nami nilikuwa hapa nyumbani, nakukaangia mahamri. Bi Raghad amecheka hadi akashika mbavu. Mimi pia, halafu nikaudhika.

Najua waniogopea tangu nilipoanguka sokoni Kongowea. Lakini mimi si lori, Bassam.

Kidude chako nimekiweka juu ya karatasi hii. Natoka, na pindo nimelipapasa lote.

~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi nikitosheka.

Ukitaka kujua niliko, nipigie simu, anza na shikamoo, kisha uniulize.

Mamako